Mpangilio Kwanza, Kisha Matumizi ya Pili

Kila ninapozungumza na watu kuhusu kubana matumizi nyumbani, mazungumzo huelekea haraka kwenye ununuzi: mifuko ya kitambaa, vyombo maalumu vya kuhifadhia, masanduku yanayofanana ya kupanga kabatini. Mimi naamini kazi huanzia kwingine kabisa. Kabla ya kuongeza chochote, makabati na droo zifunguliwe, vilivyomo vitolewe vyote, na vitu vya aina moja viwekwe pamoja, kwa sababu fedha nyingi hupotea katika kununua tena mkasi, betri, uzi au balbu, vitu ambavyo tayari vipo ila havionekani. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba isiyojulikana ilipo haimsaidii mwenye nayo.

Ndiyo maana siwezi kutenganisha kutumia vitu tena na kuvipanga. Anayehifadhi kila kopo, kila boksi na kila mfuko bila mpangilio hatimaye hujaza nyumba, huchoka, kisha hutupa vyote kwa siku moja, na hapo wala yeye wala mazingira hayakunufaika. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila aina ya kitu kinachosubiri matumizi ya pili ipewe nafasi yenye mpaka: chupa rafu moja, mabaki ya vitambaa boksi moja, karatasi na bahasha droo moja. Nafasi ikijaa, kinachozidi humwendea anayekihitaji au hupelekwa kurejelezwa. Sitafuti rafu ya pili.

Chupa za kioo zenye mdomo mpana ndizo ninazozithamini kuliko vyombo vingine vyote. Kioo hakishiki harufu wala hakifyonzi mafuta, na mtu huona kilichomo bila kufungua, jambo ambalo peke yake hupunguza vyakula vinavyosahaulika hadi vikaharibika. Lebo hutoka chupa ikilowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Gundi inayobaki, ambayo maji hayaiwezi, hulainika ikipakwa mafuta ya kupikia na kuachwa kwa muda, kisha ikasuguliwa kwa kitambaa kikavu. Kinachosumbua ni mfuniko, kwa kuwa utando laini ulio ndani yake hushika harufu ya kilichokuwamo. Huuosha na kuuanika juani, na harufu ikikataa kutoka, chupa hiyo huipa kazi ya kuhifadhi vifungo au misumari. Tahadhari moja ni ya lazima: nyingi ya chupa hizi hazikutengenezwa kustahimili mabadiliko ya ghafla ya joto, kwa hiyo maji yanayochemka yakimiminwa katika chupa baridi, inaweza kupasuka mkononi.

Wapo wanaosema kwamba kuosha chupa ni kujisumbua, maadamu kioo kinaweza kurejelezwa. Ni kweli kinaweza, tena mara nyingi bila kupoteza ubora wake, lakini kiwandani huyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,500 za Selsiasi, na joto hilo hugharimu nishati nyingi. Chupa iliyooshwa na kujazwa tena jikoni haidai tanuri wala lori la kuisafirisha.

Nguo zinastahili uangalifu kama huo. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba hutumia takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi inapokamilika, na kwa sababu hiyo hushona tundu kwanza kabla ya kufikiria mkasi. Fulana ikichakaa kabisa, huikata kwa kufuata mishono ya ubavuni, nikaacha nje sehemu zenye maandishi yaliyochapwa kwa kuwa hazinyonyi maji. Kitambaa cha fulana hujikunja pembeni bila kufumuka ovyo, hivyo matambara yake hayahitaji kupindwa. Nguo za poliesta hazifai kwa kazi hiyo: husukuma maji badala ya kuyanyonya, na kila zinapofuliwa huachia nyuzi ndogo sana za plastiki zinazoishia mitoni na baharini.

Maboksi ya viatu hayahitaji maelezo mengi. Yakikatwa kwa kimo cha droo, huwa vigawanyio vizuri vya soksi, nyaya za chaja na dawa za huduma ya kwanza.

Plastiki ndiyo inayonifanya niwe mkali. Namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo hueleza aina ya plastiki tu, wala si kibali cha kukitumia kwa chakula mara kwa mara, na chupa nyembamba za maji hulegea zikitiwa kitu cha moto. Vyombo vilivyobeba dawa za wadudu, rangi au mafuta ya mashine havipati nafasi kwenye rafu yangu, hata viwe imara kiasi gani na vioshwe mara ngapi, kwa sababu atakayekuja kunywea huenda asijue kilichokuwamo.