Kumbukumbu ya mradi: kufikia faili za ofisi ya Langoni ukiwa Shela, hata stima ikipotea

Lengo liko kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza: mtu aliye Shela, Mokowe au Faza, hapa Lamu, afungue laptopu, aingie kwenye kompyuta ya ofisi Langoni, achukue faili yake. Na stima ikipotea usiku ikarudi alfajiri, kila kitu kijiinue chenyewe bila mtu kupanda boti kuja kubonyeza swichi. Nusu ya kwanza ya lengo hilo ilionekana kazi ya alasiri moja. Pamoja na nusu ya pili imekula wiki tano, na ndiyo sababu ya kuandika kumbukumbu hii.

Faili zenyewe ni za aina mbili: hesabu za Excel, ambazo hazizidi MB 3, na michoro ya ukarabati wa nyumba za mawe, MB 60 hadi 180 kila mmoja. Tofauti hiyo ya ukubwa itaamua mengi huko mbele.

Vifaa: kompyuta ya ofisi yenye Windows 11 Pro (toleo la Home haliwezi kupokea Remote Desktop, njia ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025), Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, hapa chini: Pi) na chaja yake ya volti 5, ampea 3, ruta ya 4G, UPS ya VA 650 (betri inayoshikilia vifaa stima ikipotea), na seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya hadharani.

Wiki ya kwanza: handaki

Anza kwa kuangalia anwani ya nje ya ruta. Fungua ukurasa wa ruta, soma WAN, yaani anwani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, jua kwamba kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango wowote utakaoufungua kwenye ruta hautafikika kutoka nje. Laini nyingi za 4G ziko hivyo. Hata kama una anwani yako mwenyewe, usiuache mlango 3389 wa Remote Desktop wazi kwa intaneti nzima. Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha kasoro ya BlueKeep hata kwa Windows XP iliyokuwa imekwisha kustaafishwa, kwa kuwa kasoro ile ilimruhusu mvamizi kuingia bila neno la siri.

Kwa hivyo ofisi ndiyo ipige hodi kwenda nje. Pi ya ofisini na kila laptopu zinaunganishwa na seva ya kukodi kwa WireGuard, programu inayotengeneza handaki, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, na seva inazikutanisha. Mpangilio wa Pi uliotulia ni huu:

```
[Interface]
Address = 10.20.0.2/24
MTU = 1280
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa Pi)

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa hadharani wa seva)
Endpoint = (anwani ya seva kwa tarakimu):51820
AllowedIPs = 10.20.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Kwenye seva, AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopita handakini) ya Pi iwe `10.20.0.2/32, 192.168.57.0/24`. Kwenye laptopu iwe `10.20.0.0/24, 192.168.57.0/24`. Pi na seva zote ziwashwe `net.ipv4.ip_forward=1`, ruhusa ya kupitisha pakiti za wengine, na Pi iongezewe `iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE` ili kompyuta ya ofisi ijue pa kurudishia majibu. Kwa kuwa Pi inaficha anwani za laptopu, Windows inaona wageni wote wakitoka 192.168.57.2, anwani ya Pi ndani ya ofisi. Anwani hiyo peke yake ndiyo iruhusiwe kwenye ukuta wa moto wa Windows kwa mlango 3389 na 445 (wa folda za pamoja).

Ile 57 imechaguliwa makusudi. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani na 192.168.1, na ofisi ilikuwa nayo pia. Laptopu ikiwa Shela nyuma ya ruta ya namna hiyo, ukiita 192.168.1.10 inatafuta kifaa cha nyumba ile ile na haitoki nje kamwe. Badilisha mtandao wa ofisi kabla ya jambo jingine lolote. Ukichelewa utakuja kubadilisha printa, kamera na kila kitu upya.

Sekunde 25 za PersistentKeepalive zinatosha kuizuia kampuni ya simu isiisahau njia ya UDP, aina ya pakiti ambayo WireGuard hutumia. Wanaohofia bando wasihofu: kila pakiti ya kuamsha njia ni baiti 60, nayo hutumwa mara 3,456 kwa siku, yaani karibu MB 0.2.

Wiki ya pili: inaunganisha, halafu inaganda

Dalili: ping (hodi fupi ya kupima njia) inajibu vizuri, Remote Desktop inauliza neno la siri, kisha skrini nyeusi. Folda ya ofisi inafunguka ikiwa na faili tatu, inaganda ikiwa na mia tatu. Mtu akiona hivi hukimbilia kulaumu neno la siri au Windows. Kosa liko kwenye ukubwa wa pakiti, ile MTU ya mpangilio. WireGuard hutumia baiti 1420 isipoambiwa vingine, na laini ya 4G ilikuwa inatupa kimya kimya pakiti kubwa. Ndogo zinapita, kubwa zinazama.

Kipimo kinafanywa kutoka kwenye laptopu ya Windows: `ping -f -l 1392 10.20.0.2`. Isipojibu, teremka hadi 1252. Ongeza 28 za vichwa vya pakiti na unapata 1280, kiwango ambacho hakijatuangusha Mokowe wala Faza. Weka MTU = 1280 pande zote tatu: Pi, seva na laptopu. Ukiweka upande mmoja tu, kupakua kutapona na kupakia kutabaki kubovu, au kinyume chake.

Wiki hiyo hiyo seva ilihamishwa. Ya kwanza ilikuwa Frankfurt, na kwenda na kurudi Ulaya kunazidi milisekunde 150. Sasa hesabu: laptopu ya Shela hadi Frankfurt, Frankfurt hadi Langoni, kisha jibu lirudi njia ile ile. Jumla inapita milisekunde 300 kwa safari ya kilomita tatu za ufukweni. Kufungua folda kwa njia ya Windows kunahitaji maswali na majibu mengi mfululizo. Yakiwa 100, ni nusu dakika ya kungoja kabla ya kuona jina la faili. Seva ya Nairobi imeondoa sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo, na ping ya Shela hadi Langoni sasa ni kama milisekunde 90.

Wiki ya tatu na ya nne: stima ikirudi

Hapa ndipo penye mradi wenyewe.

Stima ilipotea saa mbili usiku, ikarudi saa tano. Ruta ikawaka, Pi ikawaka, handaki halikurudi. Cha kushangaza, ukizima na kuwasha WireGuard kwenye seva ya Nairobi, handaki linarudi papo hapo, ingawa huko Nairobi hakuna kilichoharibika.

Sababu ni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa, inaporudi huanza na wakati wa mwisho iliouhifadhi kwenye kadi yake ya SD, hadi ipate wakati sahihi kutoka intaneti. WireGuard nayo hutia muhuri wa wakati kwenye kila ombi la kuunganisha, na seva hukumbuka muhuri wa mwisho wa kila mgeni. Ombi likija na muhuri wa zamani kuliko huo, seva hulitupa bila kujibu, kwa kulidhania ni la mwizi anayerudia pakiti alizozinasa. Ukiwasha upya WireGuard ya seva, kumbukumbu hiyo inafutika, ndiyo maana ilionekana kama dawa.

Lakini kwa nini Pi haikurekebisha saa yake ndani ya dakika moja? Kwa sababu wakati huo AllowedIPs ya Pi ilikuwa `0.0.0.0/0`, yaani kila kitu kipite handakini, hata ombi la saa. Handaki linangoja saa, saa inangoja handaki. Ndiyo maana mpangilio ulioandikwa juu una 10.20.0.0/24 peke yake. Ndiyo maana pia Endpoint ni tarakimu: ukiweka jina, na ruta bado inatafuta mnara wakati Pi inawaka, jina halitafsiriki na WireGuard inakata tamaa.

Dawa kamili ni saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032. Ni kipande kidogo kinachochomekwa kwenye pini 1, 3, 5, 7 na 9. Ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/firmware/config.txt`, washa I2C kwa `raspi-config`, anzisha upya, kisha `sudo hwclock -w` ukiwa na intaneti na `sudo hwclock -r` kuthibitisha. Saa hii hukosea kama dakika moja kwa mwaka, inatosha kabisa.

Fuata mpangilio wa kazi. Kadi ya SD inayokatiwa stima mara kwa mara huoza, kwa hivyo Pi ilifungwa iwe ya kusoma tu kwa Overlay File System ndani ya `raspi-config`. Ukiifunga kabla ya kuweka DS3231, tatizo la saa linazidi: Pi haiwezi tena kuhifadhi wakati, na kila ikiwaka inarudi siku uliyoifunga. Saa kwanza, kufunga mwisho.

Kisha kompyuta yenyewe. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows), Restore on AC Power Loss iwe Power On, na ErP, hali ya kubana umeme, izimwe. Kwenye Windows, `powercfg /h off` na `powercfg /change standby-timeout-ac 0`, ili isilale. Baada ya hapo ilionekana kazi imekwisha, hadi stima ilipopotea kwa dakika saba tu. UPS iliizima kompyuta kwa adabu baada ya dakika tano, stima ikarudi UPS ikiwa bado na chaji. Kwa macho ya kompyuta, stima haikupotea kamwe. Ilizimwa kama inavyozimwa na mtu, ikabaki imezimwa.

Hapo Pi ndiyo inayoiamsha. Pakiti ya kuamsha ni baiti 102: FF mara sita, halafu anwani ya MAC ya kompyuta (namba ya kadi yake ya mtandao) mara kumi na sita. Inasambazwa kwa mtandao wote wa ofisi, na WireGuard haibebi matangazo ya namna hiyo, kwa hivyo usihangaike kuituma kutoka Shela. Lazima itoke kwenye Pi. Kila dakika kumi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, Pi inapiga ping kwenye kompyuta, na isipojibiwa mara tatu inatuma `wakeonlan`. Kompyuta iwe kwenye waya. Kwa Wi-Fi njia hii haiaminiki.

Chumvi na kuta

Ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba ya zamani unafika nusu mita, na Wi-Fi haiupiti. Ruta imewekwa ghorofani karibu na dirisha, waya ukashuka hadi kwenye kidaka (kishubaka cha ukutani) kimojawapo cha sebuleni ambapo Pi imekaa. Zidaka zinafaa sana: hakuna jua, na hakuna anayeweka kikombe cha kahawa juu ya vifaa, mradi usizibe mbele, hewa ipite.

Adui ni upepo wa bahari. Wiki ya nne `ethtool eth0` ilionyesha 100Mb/s mahali pa 1000Mb/s. Kasi ya 1000 inahitaji nyuzi zote nane za waya, 100 inatosheka na nne. Kichwa cha waya kilipochomolewa na kumulikwa kwa tochi, pini ya nne ilikuwa na doa la kijani lisilozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta. Kichwa kilikatwa, kikabanwa kipya, na matundu yakasuguliwa kwa spiriti na mswaki laini. Intaneti ya 4G haifiki hata hiyo 100, lakini doa likianza halikai. Likihamia pini 1, 2, 3 au 6, laini yote inakatika.

Wiki ya tano: faili zenyewe

Michoro haitoki ofisini. Inafunguliwa kwa Remote Desktop, rangi zikiwa biti 16 na picha ya ukutani imezimwa. Ukihitaji mchoro kwenye laptopu, kumbuka kinachohesabiwa ni kasi ya kupakia ya ofisi: MB 180 kwa Mbps 5 ni karibu dakika tano, laini isipoyumba. Inayumba. Kwa hivyo tumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili faili:

`robocopy \\192.168.57.10\michoro D:\kazi mchoro.dwg /Z /R:5 /W:10`

/Z huendelea palipokatika. Usisahau /R, kwani bila hiyo robocopy hujaribu tena mara milioni moja.

Hesabu za Excel zisifunguliwe moja kwa moja kupitia handaki. Excel ikihifadhi huandika faili ya muda kwanza kisha hubadilisha jina. Laini ikikatika katikati unabaki na kitu kinachoitwa kama 3B2F1A00, na hesabu ya jana. Folda ya hesabu inasawazishwa kwa Syncthing, programu ya kulinganisha folda kati ya kompyuta, kila mtu anafanyia kazi nakala iliyo kwenye laptopu yake. Daftari moja, mwandishi mmoja. Wakiandika wawili, Syncthing haifuti cha mtu, inaweka nakala yenye `sync-conflict` kwenye jina, na kuziunganisha ni kazi ya mikono.

Kila laptopu ina ufunguo wake na BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) imewashwa, maana mle mna majina na namba za wateja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamhusu kila anayezishika. Laptopu ikitumbukia au ikiibiwa, `wg set wg0 peer UFUNGUO remove` kwenye seva inamfungia nje saa hiyo hiyo. Futa pia kwenye faili ya mpangilio, vinginevyo seva ikianzishwa upya inamkaribisha tena.

Jaribio la mwisho: swichi kuu ilizimwa kwa saa tatu, ikawashwa. Pi ilikuwa tayari baada ya sekunde 40, ruta ikapata mnara baada ya dakika mbili na nusu, handaki likarudi sekunde chache baadaye, na Remote Desktop ikafunguka Shela dakika ya nne. Jaribio la kuzima kwa dakika saba tu lilichukua dakika 34, kwa sababu Pi hungoja ping tatu zikose jibu. Kipindi hicho cha dakika kumi kitapunguzwa kiwe tatu.