Siku moja maishani mwangu: meneja wa kiwanda cha alizeti, Kizota

Saa 12 asubuhi niko juu ya bodaboda natoka Chang'ombe kwenda Kizota, na hii baridi ya mwezi wa saba na upepo wa Dodoma vidole vinakufa ganzi kabisa. Mimi ni meneja wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mtaani wananiambia dada wewe una raha, unakaa ofisini unasaini tu. Haya bwana.

Saa 1 nazunguka stoo, nasalimia vibarua, nasaini (kweli nasaini), chai na chapati. Saa 2 mashine zinaunguruma.

Saa 3 na nusu moja ikanyamaza. Fundi mkuu huyo ofisini, mikono imejaa mafuta: "Bosi, mwambie yule mtu wako wa manunuzi aache kuniletea alizeti mbichi." Mtu wangu! Wakati vyumba vyao vinatazamana. Namfuata wa manunuzi, anasema madam mwambie mhasibu hela alichelewesha, wenye alizeti kavu kule Kongwa wakauzia wengine, nikabeba iliyobaki. Mhasibu naye, mwambie alete risiti kwanza. Yaani kazi yangu ndo hiyo, kubeba mwambie mwambie kutwa nzima, na hapo wote ni wakuu wa vitengo, watu wazima wenye watoto sekondari.

Mwaka jana mwenye kiwanda alitupeleka semina ya uongozi hotelini, tukavuta kamba, tukapewa fulana. Jumatatu yake fundi na wa manunuzi hawasalimiani.

Leo nikagoma kubeba. Nikawaita wote, siyo ofisini, palepale kwenye mashine, nikasema kila mtu achukue shudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, alibonyeze. Mafuta yakabaki vidoleni. Hiyo ni hela yetu tunawapa wafugaji wa kuku bure! Alizeti ikizidi unyevu wa asilimia 10 hivi haikamuliki vizuri, na stoo inapata joto inaota ukungu, na hilo wanalijua kuliko mimi, ila kila mmoja analijua kivyake chumbani kwake.

Wakaanza kugombana, mi nikanyamaza makusudi. Katikati akaja mzee mmoja anataka mashudu kwa bei ya mwaka juzi, nikamwambia mzee wangu subiri kidogo, akasubiri kwa kuongea, akamwambia mpaka mhasibu "mwanangu umekonda", sijui ilikuwa saa ngapi alipoondoka, ugali wangu ulishapoa.

Tulichotoka nacho: kipima unyevu kitoke kabatini kikae getini, fundi na wa stoo wapime pamoja kabla gari halijashusha. Risiti zikiwepo jioni, hela ya manunuzi itoke asubuhi. Na anayekataa mzigo ampigie mwenye mzigo yeye mwenyewe, asinitupie mimi. Hili la mwisho ndo liligomewa sana, maana kukataa kila mtu anataka, kulaumiwa hakuna anayetaka. Wa stoo hakusema neno, na nahisi lile gari la alizeti mbichi aliliona mapema akaliacha lipite. Huyo bado namtafuta.

Miguu inawaka. Usiku nyumbani grupu letu la WhatsApp, ambalo kawaida ni "sawa bosi, sawa bosi" tu, fundi na wa manunuzi wanabishana kuhusu maturubai ya kuanikia, mhasibu anauliza bei, wananitaja mimi kila baada ya meseji mbili. Nikazima data nikala.