Nilivyotembea magofu ya Pompei nikiwa na mwongoza watalii

Mara ya kwanza Pompei, chukua mwongoza watalii. Mji huu wa kale wa Italia, uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, una hekta 66 hivi, na bila mtu wa kukueleza, kuta zote zinafanana.

Kutoka Napoli nilipanda treni ya Circumvesuviana iendayo Sorrento na kushuka Pompei Scavi, dakika 35 hadi 40. Ukipanda ya Poggiomarino utashukia upande wa pili wa magofu, mbali na lango la Porta Marina ambako vikundi vingi huanzia. Tiketi ina jina lako na wageni wanaoruhusiwa kwa siku ni 20,000, kwa hiyo nilinunua mapema na kubeba pasipoti. Mkoba usizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Kabla ya kumlipa mwongozaji, uliza kama bei inajumuisha kiingilio, kisha omba kuona kitambulisho cha leseni. Mwongozaji halali haoni haya kukionyesha.

Kifaa cha sikioni cha kumsikia mwongozaji kijaribuni mkiwa bado langoni. Ukuta mnene ukiwatenganisha, sauti hukatika, kwa hiyo nilikaa mtu wa tatu au wa nne kutoka mbele. Penye vyumba vyembamba, kama kiwanda cha mikate chenye mawe ya kusagia na tanuri, wa nyuma hubaki nje wakiangalia migongo ya wenzao.

Utamu wenyewe uko barabarani. Katika Via dell'Abbondanza inama utazame chini. Mawe makubwa yaliyoinuka ni ya kuvukia, maana maji na uchafu vilipita njiani. Nafasi kati yake iliachwa ili magurudumu ya mikokoteni yapite, na magurudumu hayo yamechimba mifereji miwili kwenye mawe. Katikati ya mawe meusi kuna vipande vidogo vya marumaru nyeupe, vya kurudisha mwanga usiku. Penye bomba la maji la mtaa, angalia ukingo wa birika: kando ya mdomo wa maji jiwe limelika na kulainika, pale watu walipoegemeza kiganja wakiinama kunywa. Kwangu hilo linapita hekalu lolote.

Mawe hayo huteleza hata yakiwa makavu. Viatu viwe vya raba yenye meno. Ndala zitakuumiza kifundo. Kivuli ni haba, kofia ni lazima, ila chupa moja ya maji yatosha kwa kuwa mna mabomba ya kujazia.

Ziara ya saa mbili mara nyingi haifiki uwanja wa michezo ulioko mwisho wa mji. Tiketi hukuruhusu kubaki, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe baada ya kuagana na kikundi. Mozaiki (picha ya vijiwe) ya Alexander Mkuu iliyoko katika nyumba iitwayo Casa del Fauno ni nakala. Ya asili imo katika makumbusho ya akiolojia ya Napoli, ambayo hufungwa Jumanne.