Pingu bila kosa
Leo jioni nimeona askari wawili wakimchukua kijana mmoja stesheni. Alikuwa akitembea ukingoni mwa jukwaa huku anabishana na mtu ambaye sisi wengine hatukumwona. Askari mmoja, dada wa makamo, alivua kofia, akachuchumaa na kumuuliza kama anasikia baridi. Kijana akaanza kumjibu. Mwenzake naye keshatoa pingu. Pingu zikashinda.

Nimekaa Uingereza vya kutosha kujua kilichotumika pale: kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983. Askari akimkuta mtu popote pasipo makazi ya watu, akaona ana dalili za ugonjwa wa akili na anahitaji msaada hapo hapo, anaweza kumpeleka mahali pa usalama, kama hospitali, akapimwe, hata kwa nguvu. Hati ya hakimu haihitajiki; hiyo ni ya kumfuata mtu nyumbani kwake. Yule kijana hakutuhumiwa kosa lolote, ila waliokuwa stesheni watasimulia kwamba kuna mhalifu kakamatwa.

Zamani mahali pa usalama mara nyingi palikuwa selo ya polisi, na mtu aliweza kushikiliwa hadi saa 72. Tangu Desemba 2017 ni saa 24, daktari akiona lazima anaongeza 12, na aliye chini ya miaka 18 ni marufuku kumweka kituo cha polisi. Sibishi, ni nafuu kubwa. Ila saa hizo zinahesabiwa kuanzia mtu anapoingia mahali pa usalama. Hakuna chumba? Atasubiri garini, milango imefungwa, askari wawili wakimtazama, na saa bado haijaanza kusoma. (Hata mimi mwenye akili zangu timamu ningepiga kelele humo.)

Polisi wenyewe wamechoka. Wa Humberside, kaskazini mwa Uingereza, walianza mwaka 2020 kupunguza kuitikia miito ya afya ya akili isipokuwa pana uhalifu au maisha yako hatarini. Wa London wakafuata mwaka 2023. Wanasema kazi hiyo ni ya wauguzi, nami nakubali. Tatizo ni nani atatangulia kufika saa nane za usiku. Mara nyingi ni askari, na anakuja na mafunzo aliyopewa, pingu zikining'inia kiunoni.