Reki, Opera na Filamu Tatu Nilizozijua Kinyumenyume

Jana usiku nimerudia tena "Cape Feare", kile kipindi cha The Simpsons, katuni ya Marekani kuhusu familia moja, kilichorushwa huko tarehe 7 Oktoba 1993, cha pili katika msimu wa 5. Nakipenda kuliko katuni nyingine yoyote niliyowahi kuiona, na leo nataka kuandika kwa nini, maana usingizi umenipaa nikikifikiria.

Kisa chenyewe ni chepesi. Sideshow Bob, mwigizaji msomi mwenye sauti nzito na nywele zilizosimama kama minyaa, anatoka gerezani akiwa na nia moja tu: kumuua Bart, mtoto wa kiume wa familia hiyo. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanaihamishia familia mji wa Terror Lake, wanawapa jina jipya, Thompson, na mashua yenye nyumba juu yake. Kabla ya kuondoka, maofisa wanamfundisha Homer, baba yake Bart, kuitikia jina hilo. Wanamwelekeza pole pole: tukikusalimia "Bwana Thompson" na kukukanyaga mguu, wewe tabasamu na utikise kichwa. Anasema ameelewa. Wanamsalimia, wanamkanyaga, naye anawatazama tu. Wanarudia na kurudia, wanamkanyaga kwa nguvu zaidi, mpaka Homer anamnong'oneza ofisa wa pili kwamba nadhani anaongea na wewe. Hapo hakuna kilichoazimwa popote. Ni Homer tu na mguu wake.

Lakini karibu kila kitu kingine kimeazimwa, na mimi nilikitazama kipindi hiki nikiwa sijui hata kimoja. Nilidhani Bob kujifunga chini ya gari ili aifuate familia ni wazo la hao waandishi wa katuni. Miaka mingi baadaye nikaiona filamu ya Cape Fear, aliyoiongoza Martin Scorsese mwaka 1991, na huyo Robert De Niro, anayeigiza mwovu, amejifunga chini ya gari vile vile, isipokuwa yeye hapitishwi kwenye mpungate. Nikamwona tena kwenye ukumbi wa sinema, ameketi mbele ya familia anayoiwinda, anavuta sigara kubwa na kucheka kwa sauti ya kukera. Kwenye katuni Bob anafanya hivyo hivyo, kisha tunagundua kuwa Homer amekaa mbele yake, sigara yake ni kubwa zaidi, na kicheko chake kinamkera hata muuaji. Nikiwa mtoto nilicheka kwa sababu ya Homer. Sasa nacheka pia kwa sababu nilishamwogopa De Niro.

Na filamu ya Scorsese nayo inarudia nyingine, ya mwaka 1962, ambamo Gregory Peck ni wakili mwenye familia na Robert Mitchum ndiye anayemwinda. Scorsese aliwarudisha wote wawili. Mitchum, yule mwovu wa zamani, akawa polisi, na Peck akawa wakili anayemtetea mwovu mpya. Nafasi zao ni ndogo, lakini ukizijua sura hizo tangu 1962, kila wanapoingia unahisi ardhi imehama kidogo.

Kisha kuna vidole vya Bob. Kwenye mkono mmoja amechora tatuu inayosomeka LUV, kwenye mwingine HAT, na juu ya ile A kuna kistari. Ni kwa sababu watu wa Springfield, mji wa akina Simpson, wana vidole vitatu na dole gumba, kwa hiyo herufi nne hazitoshi! Neno la asili liko kwenye The Night of the Hunter ya mwaka 1955, filamu pekee aliyoiongoza Charles Laughton, ambamo mhubiri muuaji amechora LOVE mkono huu na HATE mkono ule. Na mhubiri huyo ni nani? Ni Mitchum tena. Mtu aliyechora mkono wa Bob kwa sekunde chache alimfunga Mitchum wa 1955 kwa Mitchum wa 1962 bila kusema neno. Hicho ndicho kinachonifanya niwaheshimu sana.

Muziki nao umetoka huko huko. Bernard Herrmann aliutunga kwa filamu ya 1962: vyombo vya kupuliza vinashuka noti kwa noti, nzito, kana kwamba mtu anakanyaga ngazi akija chini kwako. Herrmann alifariki Desemba 1975, muda mfupi baada ya kumaliza muziki wa Taxi Driver ya Scorsese huyo huyo. Mwaka 1991 mtunzi Elmer Bernstein akauandaa upya ule wa 1962 kwa filamu ya Scorsese, na Alf Clausen, mtunzi wa muziki wa The Simpsons wakati huo, akauleta Springfield. Tangu hapo Bob akitokea, muziki wa Herrmann unamtangulia. Watoto wengi duniani wameujua kwa njia hiyo, na sioni ubaya. Muziki mzuri hauulizi ulipitia mlango gani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na katuni nyingi za siku hizi. Zinataja filamu au mtu maarufu, kisha zinatulia kidogo zikingoja mtazamaji ajipongeze kwa kuitambua. Kitu kilichotajwa hakifanyi kazi yoyote. Tazama "Cape Feare" inavyoitumia H.M.S. Pinafore, opera ya kuchekesha ya Gilbert na Sullivan iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1878. Bart amebanwa kwenye mashua, kisu kiko mbele yake. Anaisifu sauti nzuri ya Bob na kuomba, kama ombi la mwisho, amwimbie opera yote. Bob hawezi kukataa. Anaimba tangu mwanzo hadi mwisho, na mashua inaelea na mto mpaka Springfield, ikagota jirani na danguro walimokuwa polisi, nao wanatoka na majoho ya kuogea. Opera ndiyo iliyomwokoa mtoto. Usipoijua Pinafore, bado unaelewa kila kitu: huyu jamaa anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda kuua.

Kelsey Grammer, anayempa Bob sauti, aliimba kweli kweli. Wiki tatu tu kabla ya kipindi hiki kurushwa, Septemba 1993, tamthilia yake ya Frasier ilikuwa imeanza kuonyeshwa.

Sasa reki. Bob anatambaa kutoka chini ya gari, anakanyaga reki, mpini unampiga usoni, anaguna. Anageuka, reki nyingine. Na nyingine. Mara tisa! Kilichotokea ni kwamba kipindi kilikuwa kifupi, dakika hazikutimia, na waandishi wakaamua kuurefusha mzaha huo mmoja mpaka uchoshe, kisha uendelee hadi uchekeshe tena. Grammer aliurekodi ule mguno mara moja tu. Jon Vitti ndiye aliyeandikiwa kipindi hiki, lakini kilipikwa na timu nzima ya mwanzo, ambayo wengi wao walikuwa wanaondoka. Nahisi ule uhuru wa watu wanaoaga kazi, wasiohofia kukaripiwa.

Nilitazama sehemu hiyo na mpwa wangu. Kwenye reki ya nne alinyamaza na kunitazama mimi badala ya skrini.

"Anko, imekwama?"

Nikamwambia asubiri. Kwenye ya saba alikuwa amelala kwenye zulia, ameshika tumbo. Hajui Mitchum wala Herrmann, na zile reki hazikutoka filamu yoyote anayohitaji kuijua. Alipotulia aliniuliza jambo moja tu, kama yule mwenye nywele anarudi kwenye vipindi vingine. Nikamwambia anarudi, tena mara nyingi, na kesho tunaanza na kile cha msimu wa kwanza alichofungwa kwa mara ya kwanza.