Sitari inayoimba
Jamani juzi usiku nilikuwa na hedifoni namsikiliza Vilayat Khan, yule mpiga sitari (chombo cha nyuzi cha Kihindi, shingo ndefu kama gitaa) wa India aliyefariki 2004, na hadi leo sijatulia. Kuna mahali kwenye rekodi anaacha kupiga, anaimba kipande kwa sauti yake mwenyewe, halafu anakirudia kilekile kwenye nyuzi, yani mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi unapasikia! Mtindo wenyewe wanauita gayaki ang, chombo kinafuata koo la mwimbaji. Kazi kubwa iko mkono wa kushoto, anagonga uzi mara moja tu kisha anauvuta pembeni, sauti inapanda inateleza inashuka, noti hata nne tano bila kugonga tena, na utamu wote uko hapo katikati ya noti na noti. Baba yake Enayat Khan, naye mpiga sitari, alifariki 1938 Vilayat akiwa bado mdogo, akaja kufundishwa pia na babu na mjomba upande wa mama ambao walikuwa waimbaji, basi ndo maana. Kwangu mimi hii inazidi mbali zile mbio za vidole watu wanazoshangilia. Mwenye rekodi zake za raga Yaman (raga ni kama msingi wa noti ambao mpigaji wa Kihindi anajengea muziki wake) anitumie tafadhali