Breki za Minivani ya Baba

"Mwanangu, hizi breki zinanipiga mguu," Baba aliniambia jioni moja baada ya kuegesha gari. Minivani yake ilikuwa imeshakula chumvi nyingi: ilitupeleka shule sisi watoto wake, na wakati huo ilikuwa inawabeba wajukuu. Kwa kuwa Baba si mtu wa kulalamikia gari, keshoye nilishika usukani mwenyewe.

Katika mwendo wa kawaida breki zilishika vizuri. Ila gari lilipobaki linatambaa tu, likiwa karibu kusimama, pedali ilianza kudunda chini ya unyayo wangu, mngurumo mkavu ukasikika upande wa injini, na gari likasogea mbele hatua mbili tatu zaidi kabla ya kutulia, ilhali barabara ilikuwa kavu kabisa. Mbele ya kivuko cha waenda kwa miguu, hatua hizo mbili tatu si jambo dogo hata kidogo. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba dashibodi haikuonyesha lolote: taa ya njano ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge (yasiache kuzunguka ghafla) breki inapokanyagwa, iliwaka tulipowasha gari na kuzimika baada ya muda mfupi, kama inavyotakiwa.

Gereji ya kwanza walibadilisha pedi, wakatoa hewa kwenye mabomba ya breki, kisha wakamwambia Baba, "Mzee, gari la umri huu ndivyo lilivyo." Jibu hilo lilinikera, na hadi leo linanikera, kwa sababu uzee si hitilafu, kinachoharibika ni kifaa fulani, nacho kina mahali pake na kinaweza kutafutwa kikapatikana. Walipoona hatukuridhika, walishauri tuchomoe fyuzi ya ABS tuendelee na safari zetu. Ni kweli kwamba fyuzi ikichomolewa breki za kawaida zinabaki, lakini gari linapoteza kinga ya kuzuia magurudumu yasijifunge kwenye utelezi, na katika magari mengi mfumo huohuo ndio unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, hivyo magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza na gari likazunguka. Baba alikataa palepale, akasema hawezi kuwapakia watoto katika gari la namna hiyo.

Tukampata fundi wa umeme wa magari, mtu wa maneno machache. Hakufungua kitu chochote kwanza. Aliunganisha mashine yake ya kupimia, akaniomba nikae kando yake nisome kasi ya kila gurudumu wakati yeye akiendesha polepole. Magurudumu matatu yalionyesha kilomita 8 kwa saa, yakashuka pamoja hadi 7, kisha 6. La mbele kulia likaanguka ghafla hadi 0, likarudi, likaanguka tena. Gurudumu lenyewe lilikuwa linazunguka kama mengine. Kompyuta ya ABS ilipoona sifuri iliamini kwamba gurudumu limejifunga, ikapunguza shinikizo la breki ili kulifungua, na ndiyo maana pedali ilidunda na gari likakataa kusimama. Taa nayo haikuwaka kwa sababu, kwa hesabu za kompyuta, mfumo ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa.

Mimi nilidhani sasa atabadilisha sensa, kile kifaa kinachosoma kasi ya gurudumu. Fundi alitikisa kichwa, akasema mashine inataja gurudumu, haitaji kifaa. Alipandisha gari kwa jeki, akavua tairi, akaanza kuzungusha shafti, ule mhimili unaozungusha gurudumu, taratibu huku nikimmulikia tochi. Kwenye shafti hiyo kuna pete ya chuma yenye meno, na kila jino linapopita mbele ya sensa yenye sumaku huzalisha mpigo mdogo wa umeme ambao kompyuta huuhesabu kuwa mwendo. Kutu ilikuwa imejijenga chini ya pete, ikaisukuma kutoka ndani mpaka ikapasuka. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, umejaa vumbi jeusi la pedi, na pengo la meno pale lilikuwa pana kuliko mapengo mengine. Gari likienda kasi mipigo huwa na nguvu. Likitambaa mipigo hudhoofika, na penye ufa hupotea kabisa. Sensa ilikuwa nzima, na tungeibadilisha tungetupa fedha bure.

Kwa kuwa mpira wa shafti nao ulikuwa umechanika na kuvuja grisi, tulibadilisha shafti nzima pamoja na pete yake. Kisha tulikwenda kwenye uwanja mtupu wa changarawe. Fundi alikanyaga breki kwa nguvu, pedali ikadunda kama inavyopaswa kudunda mahali penye utelezi, na gari likabaki limenyooka. Tuliporudi kwenye lami akasimama polepole mara kadhaa, na pedali haikutikisika.

Baba hakuridhika na upande mmoja. Alitaka pete ya kushoto nayo ikaguliwe, na ilipoonekana kwamba kutu imeanza kuinyanyua ingawa ilikuwa haijapasuka, alimwagiza fundi aibadilishe siku hiyohiyo.